Kabla ya mbio, ilibidi tuutaje ugonjwa

Ukiomba mchango wa harusi Dar es Salaam, hakuna anayekuuliza wa nini. Kamati inaundwa, kadi zinasambazwa, ahadi zinaandikwa kwenye kundi la WhatsApp na wanaochelewa wanakumbushwa kwa majina. Ukiomba mchango wa saratani ya mlango wa kizazi, shurti kwanza uyatamke maneno hayo, na katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuyatamka. Mama alipoanza kutokwa damu, miaka mingi baada ya hedhi kukoma, mashangazi kule Kondoa waliambiwa anaumwa tumbo. Waliendelea kuambiwa hivyo hata baada ya majibu ya kipimo cha kinyama kilichokatwa kutoka na yeye kuhamia kwangu Temeke ili atibiwe Taasisi ya Saratani Ocean Road.

Nilijisajili kukimbia kilomita 21 za NBC Dodoma Marathon siku zile zile. Mbio hizo zilianza mwaka 2020 na sehemu ya mapato yake inaelekezwa kwenye mapambano dhidi ya saratani hii hii. Zinakimbiwa mwezi wa saba, wakati Dodoma ina baridi ya asubuhi na upepo. Sikuwa mkimbiaji. Mara ya mwisho kukimbia kwa mpangilio ilikuwa mchakamchaka wa shule ya msingi. Lakini nilikuwa na hasira isiyo na pa kwenda, na ada ya kujisajili ilikuwa kitu cha kwanza nilichoweza kukilipia bila kusubiri daktari aniambie.

Temeke ina bahati ya klabu za jogingi. Jumamosi alfajiri barabara zinajaa fulana za rangi moja, mmoja anaimbisha na wengine wanaitikia, na mzee wa miaka 60 anakupita bila kuhema. Kocha wetu aliniwekea utaratibu wa watu wapya: dakika moja kukimbia, mbili kutembea, kisha unaanza tena. Wiki zinavyokwenda, dakika za kukimbia zinaongezeka na za kutembea zinapungua. Kipimo chake cha mwendo kilikuwa wimbo. Ukishindwa kuitikia, unakimbia kasi kuliko uwezo wako, punguza. Sijaona ushauri bora kuliko huo kwa anayeanza, kwa sababu wengi tunaacha mapema kwa kutaka kukimbia kama tunafukuzwa. Raba nilinunua za mtumba, soko la Karume, baada ya kuzikunja soli na kuzijaribu pale pale kwenye kibanda.

Ratiba ya mazoezi ilipokutana na ratiba ya matibabu, ya matibabu ndiyo iliyoshinda, na nilishukuru kuwa hivyo. Mionzi ya nje Mama alipangiwa Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tano, na kila wiki siku moja ya dripu ya dawa za saratani. Baada ya hapo ndipo ikafuata mionzi ya ndani. Kwenye mashine mtu anakaa dakika chache tu. Kazi ni kungoja, na kungoja huku kibofu kimejaa, kwa maana mgonjwa anaagizwa anywe maji mengi na ayabane ili utumbo usogezwe mbali na mionzi. Wanawake walikaa kwenye mabenchi na chupa zao za maji, wametoka Songea, Kigoma, Mtwara, kila mmoja akihesabu mikupuo ya mionzi aliyobakiza.

Mimi na mdogo wangu tulipokezana. Zamu yake ilipofika, nilibadili viatu na kutoka getini. Taasisi ile, yenye jengo lililojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, inatazamana na bahari. Ukishika Barabara ya Barack Obama kuelekea kaskazini unafika Daraja la Tanzanite, lenye kilomita moja na ushee, upepo wa bahari ukikupiga ubavuni. Pale ndipo nilipojifunza kukimbia bila kusimama. Nilirudi nimelowa jasho, nikamkuta Mama amekwishatoka, na swali lake lilikuwa lile lile: "Umefika wapi leo?" Nadhani lilimpa jambo la kuuliza ambalo halikuhusu mwili wake.

Kisha damu yake ikapungua, na ndugu tukaombwa kuchangia. Nilitoa chupa moja, kama mililita 450. Muuguzi aliniambia maji yangerudi mwilini haraka, ila chembe nyekundu zingehitaji wiki kadhaa, nisijilazimishe. Kocha alipanga upya ratiba yangu bila kuuliza maswali. Jumamosi iliyofuata nilitembea nyuma ya kundi, mapigo ya moyo yakipanda kwenye kilima ambacho nilikuwa nimeshakizoea. Katika mazoezi yote, hiyo ndiyo siku ninayoijali kuliko siku yoyote niliyokimbia vizuri.

Ilibaki kuchangisha. Nilitaka ahadi kwa kila kilomita, zaidi ya ada, nami nisingeweza kuandika "anaumwa tumbo". Nilimwomba Mama ruhusa jioni moja nikimkanda miguu. Alinyamaza muda mrefu. "Shangazi yako atasema niliishi vibaya," akasema.

Hofu hiyo haikuwa yake peke yake, na imewaweka wanawake wengi ndani mpaka wakachelewa. Karibu saratani zote za mlango wa kizazi husababishwa na kirusi kiitwacho HPV, na kirusi hicho huwapata watu wengi walio katika maisha ya ndoa ya kawaida kabisa. Kwa wengi mwili unakiondoa wenyewe. Kwa wachache kinabaki kimya, na huchukua miaka 15 hadi 20 kuleta saratani, au miaka mitano hadi 10 kama kinga ya mwili imedhoofika. Hiyo miaka yote ni nafasi ya kupima. Mhudumu anapaka siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi, sehemu yenye dosari inageuka nyeupe, majibu yanatoka hapo hapo, na mara nyingi sehemu hiyo inatibiwa siku hiyo hiyo. Mabinti zetu wana chanjo, iliyoingizwa nchini kote mwaka 2018.

Nilimweleza Mama hayo kwa kituo, kama daktari alivyonieleza mimi. Akakubali kwa sharti moja: mashangazi angewaambia yeye mwenyewe, kwa simu, kabla sijaandika neno popote. Alipiga simu tatu usiku ule. Sikusikiliza yote. Nilisikia akisema jina la ugonjwa, akalirudia, maana upande wa pili hawakusikia vizuri.

Ahadi zilikuja baada ya hapo, elfu mbili mbili na elfu tano tano, na pamoja nazo maswali ya faragha kutoka kwa wanawake ambao nisingedhani. Wapi wanapima? Kinauma? Mume lazima ajue? Kwa maoni yangu maswali yale yana thamani kuliko fedha niliyokusanya, ingawa fedha nayo inahitajika sana. Ningependa pia waandaaji wa mbio za hisani watenge fungu la nauli, chumba na chakula kwa wanaotoka mikoani. Pale kwenye benchi nilisikia zaidi juu ya kodi ya chumba kuliko juu ya maumivu, na mionzi ikikatizwa katikati inapoteza nguvu yake.

Mama amemaliza mikupuo yake na amerudi Kondoa. Bado anachoka haraka, na atakwenda kliniki ya marudio mwezi wa nane. Jumamosi hii nina kilomita 16, ndefu ya mwisho kabla ya Dodoma, na kundi limeshaamua kuanza saa 11 alfajiri. Mashangazi wawili wamepima na wako salama. Wa tatu anasema atakwenda akimaliza kupura ulezi, nami nimempangia mjukuu wake wa kumsindikiza.