Harusi kesho kutwa na DJ hajapatikana: Ya kuuliza kabla ya kutuma arbuni

HARUSI imebakisha siku tano. Kadi zimesambazwa, hema limelipiwa na wapishi wamepatikana. Ghafla mcheza santuri, au DJ kama anavyofahamika na wengi, anapiga simu kusema hataweza kufika. Kamati ya maandalizi inaanza kuhangaika huku na huko, na yeyote anayejibu kwamba ana nafasi siku hiyo anatumiwa arbuni papo hapo.

Hapo ndipo hasara nyingi huanzia. Mjini Mwatate, makao makuu ya Kaunti ya Taita Taveta, na katika vijiji vinavyouzunguka, sherehe nyingi hugharimiwa kwa michango ya jamaa, majirani na waumini wa kanisa moja. Arbuni ikipotea, si mtu mmoja anayeumia. Kamati hulazimika kuwaeleza waliochanga pesa zao zilikokwenda.

Kumpata DJ kwa muda mfupi ni jambo linalowezekana. Hata hivyo, uchache wa siku hauondoi haja ya kuuliza maswali. Badala yake, huyafanya maswali hayo kuwa muhimu zaidi, kwa kuwa kosa likitokea hakutakuwa na muda wa kulirekebisha.

Msimu una nafasi yake katika jambo hili. Harusi nyingi hupangwa wakati wa likizo za shule, yaani Aprili, Agosti na Desemba. Desemba ndiyo ngumu zaidi, kwani wenyeji wanaofanya kazi Mombasa na Nairobi hurejea nyumbani, na wakati huo huo hoteli na kumbi za burudani za Pwani huwa zinawahitaji wacheza santuri wale wale.

Aliye karibu ni bora

Kosa la kwanza ni kumtafuta mwenye jina kubwa badala ya aliye karibu na mwenye vifaa vyake mwenyewe. Voi iko umbali wa takriban kilomita 25 kutoka Mwatate, kwa barabara ya lami inayoendelea hadi Taveta. Anayetoka Mombasa, kwa upande mwingine, husafiri takriban kilomita 150 kabla hata ya kufika Voi, katika barabara kuu yenye malori mengi. Lori moja likianguka na kuziba njia, bibi na bwana harusi wataingia ukumbini kimya kimya.

Isitoshe, si kila sherehe hufanyika mjini. Sehemu kama Chawia na Ronge ziko milimani, na mvua za Machi hadi Mei au za Oktoba hadi Desemba huzifanya baadhi ya njia za udongo kuteleza. DJ anayezifahamu njia hizo hujua ni gari la aina gani litafika na spika, na ni saa ngapi anapaswa kuondoka.

Watu wa kuulizwa kwanza ni wale ambao hukutana na wacheza santuri kila wikendi: wanaokodisha mahema na viti, wapishi wa sherehe na wafawidhi. Baadhi ya wenye mahema huwa pia na mitambo ya sauti. Jina linalotajwa na wawili au watatu kati yao, kila mmoja kwa wakati wake, lina uzito kuliko picha za kuvutia katika simu.

Kisha apigiwe simu mtu aliyemkodisha DJ huyo hivi karibuni. Maswali matatu yanatosha: Je, alifika kwa wakati? Je, alikuja mwenyewe au alimtuma mwanafunzi wake? Je, bei ilibadilika baada ya kufika?

Vifaa na umeme

Swali la vifaa ndilo husahaulika zaidi. Wapo wanaomiliki kompyuta na nyimbo pekee, kisha huazima spika, amplifaya na vipaza sauti kwa wenzao. Hakuna ubaya katika kuazima, lakini siku yenye sherehe nyingi mwenye vifaa huwapa kwanza wateja wake. Anayekodisha anapaswa kuuliza waziwazi vifaa ni vya nani na viko wapi sasa hivi.

Umeme nao unahitaji hesabu. Soketi ya kawaida ya nyumbani nchini Kenya ni ya ampea 13, na kwa umeme wa volti 240 haiwezi kubeba zaidi ya wati 3,120. Mitambo ya sauti ikiunganishwa pamoja na birika la umeme au vifaa vya kupashia chakula moto, fyuzi hukatika. Waya mwembamba wa kurefushia umeme, hasa ukiachwa umeviringwa, hupata joto na unaweza kusababisha moto.

Iwapo sherehe ni ya uwanjani au umeme wa eneo hilo hukatika mara kwa mara, jenereta ni ya lazima. Mapatano yaeleze ni nani ataileta na ni nani atanunua mafuta. Mizozo mingi ya siku ya sherehe hutokana na jambo hili dogo.

Nyimbo pia zizungumzwe mapema. DJ mgeni huenda asiwe na nyimbo za Kidawida ambazo wazee watazitarajia, wala asijue kwamba baba mzazi angependa kusikia nyimbo za Fadhili William, mwanamuziki mzawa wa Taita aliyefariki mwaka wa 2001. Kama kutakuwa na kikundi cha ngoma ya mwazindika, aelezwe ni wakati gani anapaswa kunyamazisha mitambo yake.

Sheria za kelele na hakimiliki

Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka wa 2009 huhesabu usiku kuanzia saa mbili. Katika maeneo ya makazi, kiwango kilichowekwa kwa sauti ya nje ni desibeli 50 mchana na 35 usiku, na hicho cha usiku hakizidi sana mnong'ono. Katiba ya mwaka wa 2010 nayo ilizikabidhi serikali za kaunti jukumu la kudhibiti kelele na burudani za umma. Kwa hivyo, anayepanga muziki wa kukesha aulizie kibali katika afisi za kaunti na kuwajulisha chifu na majirani mapema.

Aidha, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 huwalinda wenye nyimbo zinapochezwa hadharani. DJ anayefanya kazi hiyo kwa malipo aulizwe kuhusu leseni yake, hasa ikiwa sherehe ina kiingilio.

Andika kabla ya kulipa

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mapatano ya mdomo hutambuliwa kisheria, lakini kuyathibitisha ni kazi. Ujumbe mfupi wa simu unatosha, mradi utaje tarehe, mahali, saa ya kufika na ya kumaliza, vifaa, bei yote pamoja na usafiri, arbuni, na kitakachofanyika mmoja wao akivunja ahadi. DJ ajibu kwamba amekubali. Ndipo pesa zitumwe, na jina linaloonekana kwenye M-Pesa lilinganishwe na lile la kitambulisho chake. Pesa zikishatolewa na tapeli, kuzirejesha ni vigumu.

Kuhusu salio, wacheza santuri wengi hutaka kulipwa kabla ya kuanza, ilhali kamati nyingi hupendelea kulipa mwishoni. Njia ya kati ni kulipa sehemu kubwa mara tu mitambo inapofungwa na kujaribiwa, na kubakisha kiasi kidogo hadi sherehe imalizike. Njia hii humlinda DJ pia, kwani naye huogopa wateja wanaotoweka baada ya kucheza.

Anayekula arbuni na kukosa kufika anaweza kushtakiwa. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka wa 2016 inahusu madai yasiyozidi Sh1 milioni, na inataka kesi ikamilishwe kwa siku 60. Mahakama hizo zilianza kazi mwaka wa 2021, na mlalamishi anaweza kujiwakilisha mwenyewe. Ujumbe wa mapatano na ule wa M-Pesa ndio ushahidi wake.

Na iwapo kufikia siku mbili kabla ya sherehe hajapatikana DJ wa kuaminika, ni afadhali kamati ikodishe spika na vipaza sauti pekee, ikaandaa orodha ya nyimbo na kumkabidhi mfawidhi hodari pamoja na kwaya ya kanisa. Wageni hawatamlaumu mwenyeji kwa kukosa DJ, lakini watamlaumu wakiketi hadi jioni wakimngojea asiyekuja.