Kwa Nini Huyu Hang'oki kwenye iPhone na Yule Haachi Android

Ubishi wa iPhone na Android hauishi. Mmoja atasifu kamera, mwingine atajibu kwa betri na bei. Huyu atasema simu yake ni salama, yule atasema yake haimbani. Hoja karibu zote huhusu simu yenyewe, kana kwamba kila mtu alizipanga simu zote mezani, akazipima moja moja, kisha akachukua iliyo bora. Hesabu za dunia zinasema vingine. Nchini Marekani, uchunguzi wa vijana uliofanywa na kampuni ya Piper Sandler mwaka 2023 ulikuta kwamba 87 katika kila 100 wana iPhone. Duniani kwa jumla, takriban simu janja saba katika kila kumi ni za Android, na katika Afrika Mashariki sehemu hiyo ni kubwa zaidi. Lakini iPhone inayouzwa Chicago na inayouzwa Kariakoo zina kamera ileile na mfumo uleule. Kama ubora wa simu ndio unaoamua, ni vigumu kueleza kwa nini uamuzi ugeuke kwa kuvuka bahari tu.

Maelezo ninayoyaona kuwa ya kweli ni haya: mtu hupenda mfumo fulani wa simu kwa sababu ya vitu vilivyouzunguka mfumo huo pale anapoishi. Vitu hivyo ni njia ya kuilipia simu, watu anaowasiliana nao, fundi aliye karibu, na mambo yake yote aliyokwisha kuyaweka ndani ya simu. Sifa za kamera na betri zina nafasi yake, ila mara nyingi huja nyuma, kuutetea uamuzi uliokwisha kufanywa na mazingira.

Tuanze na namna mifumo hii miwili ilivyozaliwa, maana tofauti yao ya leo imetoka huko. Apple ilianza kuuza iPhone Juni 2007, na tangu siku hiyo hutengeneza simu na mfumo wake wenyewe bila kumgawia mtengenezaji mwingine yeyote. Google, iliyoinunua kampuni changa ya Android mwaka 2005, ilifuata njia nyingine: mfumo wake uliachwa wazi ili kila mwenye kiwanda aweze kuutumia. Simu ya kwanza ya Android, HTC Dream, iliingia sokoni mwaka 2008, na baada yake zikafuata simu za kila bei. Kwa uamuzi huo wa kibiashara, mtu mwenye kipato kidogo alipata mlango wa kuingilia kwenye ulimwengu wa simu janja, na mlango huo ulikuwa Android.

Waliouingia mlango huo kwa umakini zaidi Afrika ni Transsion, kampuni ya Shenzhen nchini China iliyoanzishwa mwaka 2006 na inayomiliki Tecno, Itel na Infinix. Iliweka nguvu kwenye mambo ambayo wateja wa huku waliyahitaji: betri ya kudumu na chaji, kamera iliyorekebishwa ili iipige vizuri ngozi nyeusi, na sehemu ya laini mbili. Hilo la laini mbili linastahili kutazamwa kwa karibu. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa anaweza kuwa na laini moja kwa ajili ya bando la bei nafuu na nyingine kwa ajili ya kutuma na kupokea pesa. iPhone haikuwa na laini mbili hadi mwaka 2018, na hata hapo, katika nchi nyingi, laini ya pili ilikuwa ya eSIM, yaani laini inayosajiliwa ndani ya simu bila kadi. Kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022, simu za Apple zinazouzwa Marekani hazina kabisa tundu la kadi ya laini. Ndugu aliyeko Minnesota akimtumia mdogo wake simu hiyo, mdogo mtu hana pa kuchomeka laini yake. Itambidi kwanza aende kwa mtandao wake aombe eSIM. Simu ni nzuri na ya gharama, lakini imetengenezwa ikifikiria maisha ya mahali pengine.

Malipo, nguzo ya kwanza ya hoja yangu, nayo yana nguvu kuliko tunavyodhani. Mwaka 2020, Safaricom kwa kushirikiana na Google ilianzisha nchini Kenya mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ambao mteja alitoa malipo ya awali, akaichukua simu, kisha akaendelea kulipa kuanzia shilingi 20 kwa siku. Simu zenyewe zilikuwa za Android. Mama mboga aliyeipata simu yake ya kwanza kwa njia hiyo hakuulinganisha mfumo wowote na mwingine. Alilinganisha shilingi 20 na mauzo ya siku. Miaka miwili baadaye, namba za wateja wake, picha za familia na ujuzi wa vidole vyake vyote vitakuwa upande wa Android, na akiulizwa anapenda simu gani atajibu kwa moyo wote kwamba anapenda hiyo. Jibu lake ni la kweli, na chanzo chake ni malipo ya kila siku.

Wapo wanaosema kwamba basi jambo zima ni umaskini, na kwamba kila mtu akipata pesa atahamia iPhone. Hoja hii ina mvuto, lakini haishindi ukiitazama Asia ya Mashariki. Japani na Korea Kusini ni majirani, na zote ni nchi tajiri. Japani, iPhone inaongoza. Korea Kusini, Samsung yenye mfumo wa Android ndiyo inayotawala. Mapato hayaelezi tofauti hiyo, ila mazingira yanaieleza. Japani, kampuni ya SoftBank ilianza kuuza iPhone mwaka 2008 na kuisambaza kwa mikataba iliyopunguza sana pesa ya kuanzia. Korea Kusini, iPhone ilifika mwishoni mwa 2009, ikaikuta Samsung iko nyumbani kwake, na maduka yake na huduma zake zimeenea. Kila upande ulishika njia iliyokuwa wazi mapema, na walionunua baadaye wakawafuata ndugu na rafiki zao.

Kuwafuata ndugu na rafiki ndiyo nguzo ya pili ya hoja yangu. Mwaka 2011 Apple ilianzisha iMessage, huduma ya ujumbe inayofanya kazi kati ya vifaa vyake peke yake. Ujumbe unaoutuma kwenda iPhone nyingine huonekana kwa rangi ya samawati, na ule unaokwenda Android huonekana kijani, na kwa miaka mingi picha na video zilizovuka kati ya pande hizo mbili zilifika zikiwa hafifu. Marekani, ambako vijana wengi huandikiana kupitia huduma hiyo, rangi ya kijani iligeuka alama ya mtu wa nje ya kundi. Katika kesi ya kampuni ya michezo ya video Epic Games dhidi ya Apple mwaka 2021, barua pepe za wakuu wa Apple zilizotolewa mahakamani zilionyesha kwamba waliikataa fikra ya kuipeleka iMessage kwenye Android, kwa kuwa ingeondoa kikwazo kinachowazuia wazazi wenye iPhone kuwanunulia watoto wao simu za upande wa pili. Na mwaka 2022, mtu alipomlalamikia Tim Cook hadharani kwamba video anazomtumia mama yake hazifiki vizuri, mkuu huyo wa Apple alimjibu kwamba amnunulie mama yake iPhone.

Linganisha na hali ya huku kwetu. Mazungumzo ya familia, michango ya harusi, vikao vya wazazi wa shule na matangazo ya misiba yote hupita WhatsApp, ambayo haijali umeshika simu gani. Pesa nazo hupita kwa njia isiyobagua: anayepiga *150*00# kutuma M-Pesa Tanzania anaweza kufanya hivyo kwa iPhone, kwa Tecno, hata kwa simu ya vitufe. Ndiyo maana kijana wa Arusha mwenye Android haoni kwamba ameachwa nje ya kundi lolote. Kilicho sababu kubwa ya kununua iPhone kule Marekani, hapa hakina uzito.

Historia nayo inashuhudia kwamba ubora wa simu peke yake hautoshi. Windows Phone ya Microsoft ilisifiwa na wengi kwa wepesi na sura yake, na simu za Lumia kutoka Nokia zilikuwa imara. Lakini watengenezaji wa programu walisubiri wateja waongezeke ndipo waandike programu, na wateja walisubiri programu ndipo wanunue. Microsoft iliinunua biashara ya simu ya Nokia mwaka 2014, na mwaka uliofuata ikafuta vitabuni hasara ya dola bilioni 7.6. BlackBerry nayo iliwashika watu kwa huduma yake ya ujumbe, BBM, hasa vijana. Ilipokuja kuifungua BBM kwa iPhone na Android mwaka 2013, wengi walikuwa wamekwisha kuhamia WhatsApp, na hapakuwa tena na cha kuwabakiza.

Nguzo ya tatu ni gharama ya kuhama. Wanauchumi Carl Shapiro na Hal Varian walilieleza jambo hili kwa kina katika kitabu chao Information Rules: mteja akishawekeza muda, data na mazoea kwenye mfumo mmoja, bei ya kuuacha hupanda hata kama bidhaa ya jirani ni nzuri zaidi. Mfano ulio karibu ni WhatsApp hiyohiyo. Ukiwa na Android, akiba ya mazungumzo yako huhifadhiwa kwenye Google Drive. Ukiwa na iPhone, huhifadhiwa iCloud, na hifadhi hizo mbili hazisomani. Njia rasmi ya kuyahamisha mazungumzo kutoka Android kwenda iPhone ilipatikana mwaka 2022 tu. Kabla ya hapo, aliyebadilisha simu aliweza kupoteza mazungumzo ya miaka, pamoja na sauti za watu waliokwisha kufariki. Mtu anayeogopa hasara ya namna hiyo haendi popote, na wala hatuwezi kumlaumu.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni kwamba tofauti za ubora zipo kweli. Nalikubali. Simu ya iPhone 6s ya mwaka 2015 ilipokea toleo jipya la mfumo hadi lile la 2021, huku simu nyingi za bei ya chini za Android zikiachwa bila masasisho baada ya muda mfupi, jambo ambalo ni hatari kwa mtu anayetunza pesa ndani ya simu. Lakini tofauti hizo zinazidi kupungua: Google kwa Pixel 8 mwaka 2023 na Samsung kwa Galaxy S24 mwaka 2024 ziliahidi miaka saba ya masasisho. Isitoshe, ubora hupimwa pale simu inapotumika. iPhone za karibuni zikibadilishwa kioo na fundi wa mtaani kwa spea ambayo si ya Apple, huonyesha onyo kwamba kioo hakitambuliki. Kwa aliye na duka rasmi karibu, hilo ni ulinzi. Kwa anayemtegemea fundi wa Luthuli Avenue jijini Nairobi, ni mzigo. Kifaa ni kilekile, na thamani yake imebadilika kwa sababu ya kilicho jirani nacho.

Pingamizi jingine ni kwamba iPhone hununuliwa kwa ajili ya hadhi, basi. Hadhi ipo, na si dhambi. Watu wameonyesha hali zao kwa nguo na mapambo tangu zamani. Ila hadhi yenyewe ni zao la mazingira. Mahali ambapo wachache wana iPhone, kuwa nayo kunakutofautisha. Shuleni Marekani, ambako karibu kila mwanafunzi anayo, kuikosa ndiko kunakokutofautisha. Nembo ya tofaa haina hadhi ndani yake hadi pawe na macho ya watu wanaoipa maana. Kumcheka mwenye iPhone kuwa ni mtu wa kujionyesha, au mwenye Tecno kuwa hajui vitu vizuri, ni kumhukumu mtu kwa mambo ambayo hakuyapanga yeye.

Tukilielewa hili, tutanunua kwa busara zaidi. Kabla ya kuuliza kamera ina megapikseli ngapi, tuulize simu itapata masasisho ya usalama kwa miaka mingapi, kioo chake kinatengenezwa wapi na kwa bei gani, na siku tukitaka kuhama tutatoka na picha na mazungumzo yetu kwa njia gani. Swali hili la mwisho ndilo zito, na haliwezi kuachiwa mnunuzi peke yake. Umoja wa Ulaya umeilazimisha Apple kutumia chaji ya aina moja na wengine, ikaanza na iPhone 15 mwaka 2023, na serikali ya Marekani iliishtaki kampuni hiyo Machi 2024 ikiituhumu kuwazuia wateja wasihame. Baada ya shinikizo la miaka, mwaka 2024 Apple iliongeza mfumo wa ujumbe wa RCS, na picha zikaanza kuvuka kwenda Android bila kuharibika. Wasimamizi wa mawasiliano wa nchi zetu nao wanapaswa kudai kwamba data ya mteja ihamishike kirahisi, kama ilivyokwisha kuwezekana Kenya na Tanzania mtu kuhama mtandao na namba yake. Mteja anayeweza kuondoka bila hasara ndiye ambaye kampuni italazimika kumridhisha, na hapo ndipo kubaki kwake kutakuwa ni chaguo lake kweli.