Picha ya Tumbo la Mtoto Njiti

Mtoto anayezaliwa kabla ya kutimiza wiki 37 tumboni huitwa njiti. Utumbo wake bado ni mchanga. Pengine baada ya wiki mbili au tatu utumbo huo huugua na kuanza kuoza. Tumbo huvimba. Mtoto hutapika nyongo ya kijani, choo huwa na damu, naye hulegea na kuwa baridi.

Huku kwetu Kipatimu wengi wakiona hivyo husema ni mchango, na mizizi huchemshwa. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliandikia barua ya hospitali mtoto wa namna hiyo. Alikuwa amenyweshwa mizizi siku mbili. Ilikuwa masika, njia matope. Alifia njiani. Bibi yake sikumlaumu. Hata mimi nilibonyeza tumbo tu, na kidole hakioni ndani.

Eksirei huona. Mionzi hiyo iligunduliwa na Mjerumani, Wilhelm Röntgen, mwaka 1895. Katika picha mfupa huonekana mweupe na hewa huonekana nyeusi. Hewa ndani ya utumbo ni kawaida. Daktari hutafuta hewa iliyopotea njia. Akiona vipovu vyeusi ndani ya ukuta wa utumbo, ugonjwa ni huo. Akiona hewa nje ya utumbo, basi umetoboka na mara nyingi mtoto hupasuliwa. Kwa hiyo hulazwa ubavu wa kushoto akapigwa picha kutoka pembeni. Laza chupa ya mafuta isiyojaa, utaona hewa inakimbilia juu. Hata tumboni ni hivyo.

Picha ya kwanza huenda isionyeshe kitu. Hupigwa tena baada ya saa kadhaa. Mama mmoja aliniuliza kama mionzi itamchoma mwanawe. Haichomi wala haiumi, na kipimo chake ni kidogo. Ila mwenye mimba asimshike mtoto wakati wa kupigwa picha.

Hospitalini mtoto hupewa dripu na dawa za kuua vijidudu, na kunyonya husimamishwa. Mama, usikasirike. Endelea kukamua, maziwa yasikauke. Maziwa yako, pamoja na yale ya kwanza ya manjano, humkinga njiti na ugonjwa huu kuliko maziwa ya kopo.

Ukiona dalili hizo, usimpe mizizi wala maji. Mfunge kifuani, ngozi kwa ngozi, uje zahanati siku hiyo hiyo. Hata usiku, gonga mlango.