Mwislamu Aingiapo Mkahawani Bangkok

Mkahawa wa watu wa kawaida mjini Bangkok, mji mkuu wa Thailand, si mahali pa kuketi kwa starehe. Watu wamesongamana, na mpishi asimama mbele ya kikaango kikubwa juu ya moto mkali. Sahani huwa tayari kwa dakika chache. Hapo ndipo ilipo taabu ya Mwislamu. Kikaango kilichokaangiwa nguruwe ndicho kitakachokaangiwa wali wake wa kuku, na pengine mafuta yenyewe ni ya nguruwe. Basi haitoshi kusema, "Mimi sili nguruwe." Yakupasa uulize mafuta, uulize na kikaango.

Mchuzi wa samaki, waitao nam pla, huwatia wengi shaka kwa harufu yake. Kumbe asili yake ni samaki na chumvi, vilivyowekwa miezi mingi.

Hata hivyo Waislamu si wageni nchini humo. Karibu na Msikiti wa Haroon, mtaa wa Bang Rak, wako waishio tangu zamani. Chakula chao mashuhuri ni khao mok, wali wa manjano wenye kuku, ambao kwa hakika ni ndugu wa biriani. Mkahawani itafute alama ya halali ya Baraza Kuu la Kiislamu la Thailand, yenye umbo la almasi.

Wathai hula kwa kijiko mkono wa kulia, uma ukiwa wa kusukumia tu. Kijana wetu asione haya. Na asiyeweza pilipili aseme mapema "mai phet", yaani isiwe kali. Itakuja kali vilevile.