Fahamu: Nani Huwachungua Polisi?

Raia aliyepigwa mahabusu, akaambiwa apeleke shauri lake kituo kile kile, hana pa kukimbilia isipopatikana taasisi isiyo chini ya amri ya jeshi la polisi. Tanzania iliunda taasisi ya namna hiyo, Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, mwaka 1966, ambayo mwaka 2001 ilirithiwa na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Tume hii hupokea malalamiko bila ada, na maofisa wake huingia magerezani na vituoni, wakakagua vyumba na hali za waliomo. Mapendekezo yake yakipuuzwa, sheria yairuhusu kwenda mahakamani. Lakini ibara ya 130 ya Katiba humwachia Rais kuiamuru akiridhika kuwa maslahi ya taifa yahitaji hivyo, nami naona hapo ndipo uhuru wake ungali pungufu.