Sumu Isiyo na Moshi

Ukimuuliza mkazi wa Dar es Salaam hewa chafu iko wapi, atakuonyesha lori linalotapika moshi mweusi kwenye foleni, au jalala linalofukuta nyuma ya mtaa. Hajakosea. Lakini kwa familia nyingi za Afrika Mashariki, hewa mbaya kuliko zote wanazovuta kutwa nzima imo ndani ya nyumba zao, jikoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa uchafuzi wa hewa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 ambao hawajatimiza miaka mitano.

Kuni kwenye mafiga haziungui kikamilifu. Zikiwa mbichi, au moto ukikosa upepo, sehemu yake hugeuka masizi na vichembe vinavyoelea. Vya kuogopwa zaidi ni vile ambavyo kipenyo chake hakizidi maikromita 2.5, unywele mmoja wa binadamu ni mnene kuliko hivyo mara 30 hivi. Vumbi la kawaida hunaswa puani na kooni, tukalipiga chafya au kulikohoa. Vichembe hivi hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa mapafuni, na vilivyo vidogo kabisa huingia kwenye damu. Ndiyo maana madhara hayaishii kwenye kikohozi na pumu: kuna ugonjwa wa moyo, kiharusi, saratani ya mapafu. Mtoto aliyebebwa mgongoni mama akisonga ugali anavuta moshi uleule, tena anapumua haraka kuliko mama yake, kwa mapafu ambayo bado yanakua. Nimonia humkuta hapo.

Mjini wengi wameacha kuni wakahamia kwenye mkaa, wakiamini wamepona kwa kuwa mkaa ukishakolea hauwashi macho. Imani hiyo inaua. Moshi mwingi wa mkaa ulishatoka porini, kwenye tanuri. Kilichobaki ni kaboni, nayo ikiungua bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia mwilini hushikamana na hemoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi. Damu inazunguka, moyo unadunda, lakini ubongo haupati oksijeni ya kutosha. Kichwa kinauma, kichefuchefu kinakuja, miguu inalegea. Ni rahisi sana kudhani ni malaria au uchovu, mtu akajilaza palepale sumu ilipo. Kwenye baridi ya Njombe au Limuru jiko huingizwa chumbani usiku, mlango ukafungwa. Makaa yaliyofunikwa na majivu yanaonekana kama yamekwisha, kumbe bado yanatoa gesi. Jiko la mkaa la kuotea chumbani halina saa salama, hata kama halionekani kuwaka.

Hewa ya nje nayo imewahi kuokolewa kwa maamuzi ya serikali. Petroli yenye risasi, madini yanayodhoofisha akili za watoto, iliondolewa Afrika Mashariki kufikia mwaka 2006. Huko London, baada ya ukungu wa moshi wa Desemba 1952 kuua maelfu ya watu, Sheria ya Hewa Safi ya 1956 haikuishia kwenye viwanda. Iligusa hata makaa ya mawe yaliyokuwa yakichomwa majumbani ili kuota moto.

Kwa hewa ya jikoni, Tanzania nayo imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya wananchi wawe wanapikia nishati safi. Nalitamani lengo hilo kwa moyo wote, na ninaona kikwazo chake kikubwa ni namna watu wanavyopata fedha. Mkaa unauzwa kwa kopo, kwa hela ya leo. Mtungi wa gesi wa kilo 6 ukiisha, fedha yote inatakiwa kwa mkupuo. Hata mwenye gesi huitumia kwa chai na mayai, maharage akayarudisha kwenye mkaa kwa kuhofia yatamaliza mtungi. Ilhali jiko la umeme la presha huivisha nusu kilo ya maharage kwa chini ya uniti moja. Mwenye mshahara hulinunua bila shida. Mama lishe anayebandika maharage kila alfajiri anahitaji kulilipia kidogo kidogo, kama anavyolipia mkaa.