Sandarusi na Kaharabu katika Moto wa Maabara

Lugha ya Kiswahili hutenga sandarusi na kaharabu, lakini jicho aghalabu hushindwa kuzitenga. Zote mbili ni utomvu wa miti ulioganda, wenye rangi ya asali. Sandarusi yatokana na msandarusi wa mwambao wa Afrika ya Mashariki na Madagaska. Katika karne ya 19 ilipelekwa kutoka Unguja hadi Ulaya na Marekani kufanyiziwa vanishi. Kaharabu ya Baltiki ina umri upitao miaka milioni 30. Basi moja ikiuzwa kwa jina la nyingine, hukumu itapatikana wapi?

Njia mojawapo ni pirolisisi, yaani kuvunja kitu kwa joto pasipo hewa. Mchoma makaa aijua asili yake, ila moshi anaouacha upotee ndio unaokusanywa katika maabara. Utomvu mkongwe hauyeyuki wote kwa dawa. Hauna budi kuvunjwa, na vipande vyake vitambuliwe kimoja kimoja.

Namna za kuvunja hazilingani. Ya kwanza ni ya polepole: chombo kiitwacho Rock-Eval, kilichobuniwa Ufaransa katika miaka ya 1970, huanzia digrii 300 na kuongeza digrii 25 kila dakika. Hupima wingi wa mafuta yatokayo, jambo liwafaalo watafutao petroli, lakini hakitaji vipande ni vya nini. Ya pili ni ya ghafula: waya wa chuma hupashwa hadi digrii 770, ambapo chuma hupoteza usumaku na joto hukoma kupanda. Vipande hutoka upesi kabla ya kuvunjika tena. Hata hivyo, asidi nyingi hunasa njiani. Ya tatu huongeza dawa ya TMAH, igeuzayo asidi kuwa esta zipitazo kwa wepesi.

Kwa namna hii ya tatu, asidi ya suksiniki huonekana wazi katika kaharabu ya Baltiki. Katika sandarusi haionekani. Aliyetegemea ya kwanza peke yake asingeijua tofauti hiyo.

Lakini moto hautaji umri. Sandarusi mbichi, iliyoitwa chakazi, na ile iliyochimbwa ardhini zina asili moja. Kuzitenga kwahitaji kipimo cha kaboni 14, kifikacho miaka 50,000 hivi. Kwa hiyo yafaa mtunga kamusi afasili sandarusi kwa mti wake, wala si kwa ukongwe wake.